Ami amesema "nakubali". Niandike kitenzi gani cha Kiingereza?

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilisoma hadi kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha shule, pamoja na kile nilichookota kwa wageni kwenye nyumba ya kupangisha ninakofanya kazi kule Shela. Nyumbani kwetu mimi ndiye mwandishi. Ikija barua ya Kiingereza, iwe ya benki, ya hospitali au ya mgeni, huletewa mimi niisome, na ikihitaji majibu huyaandika mimi.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni ami yangu. Yeye ni nahodha wa mashua ya kutembeza wageni: Takwa, mikoko ya Mkanda, na msimu wa kaskazi maji yakiwa safi huwapeleka Manda Toto kuangalia matumbawe. Kiingereza cha baharini anacho, kile cha kumwambia mgeni akae wapi na ainamishe kichwa wakati gani, lakini hasomi wala haandiki lugha hiyo. Nikimwekea karatasi mbele yake hutia sahihi bila kuniuliza imesema nini. Hapo ndipo tatizo langu lilipo.

Msimu huu alimchukua mama mmoja Mwingereza ambaye huja Lamu karibu kila mwaka na hapandi mashua nyingine ila ya ami. Walipofika Manda Toto yule mama akashuka, maji yakimfika kiunoni, ili avuke kwenda ufukweni. Kijana wa mashua akamshushia kamera yake. Kati ya mikono ya kijana na mikono ya mama, kamera ikatumbukia baharini. Ilitolewa haraka lakini haikuwaka tena.

Hakukuwa na ugomvi. Mama alirudi kwao, kisha akatuma barua pepe ya heshima kabisa. Amesema bima yake ya safari inataka maelezo ya maandishi kutoka kwa mwenye chombo: lilitokea nini, je alitahadharishwa ailinde kamera, na je nahodha anakubali kwamba jambo hilo lilitokea chomboni mwake kwa mkono wa mtu wake. Akamalizia kwa kusema anajua ami atasema kweli, kama kawaida yake.

Nilimsomea ami. Akanijibu pale pale: "Mwandikie nakubali. Kamera imeingia maji mikononi mwetu. Na mwambie nilimwambia aitie pipani. Na mwambie pole." Akainuka akaenda zake msikitini. Kwake yeye barua imekwisha.

Kwangu ndiyo imeanza. Hilo "nakubali" nimelitafuta kwenye kamusi na kwenye simu, na yametoka "accept", "admit", "agree" na "acknowledge". Mwalimu wangu wa zamani anasema kwa jambo kama hili kitenzi ni "admit", kwa sababu mtu anakubali kosa. Binamu yangu, mtoto wa ami mwenyewe, aling'aka aliposikia. Anasema nikiandika "admit" nimemfunga babake kamba shingoni, na bima ya Uingereza itakuja kudai pesa ya kamera ambayo mashua haiwezi kuipata kwa msimu mzima. Yeye ananitaka niandike kitu laini, au niandike tu "the camera fell" na kunyamaza.

Tena si hilo peke yake. "Nilimwambia aitie pipani" niandike "told", "asked", "advised" au "warned"? Binamu anataka "warned", eti ndilo linalotukinga. Na ami ameniambia kamera "ilimponyoka" yule kijana. Hiyo ni "dropped" au ni "slipped"?

Bi Mshauri, nikichagua kali, naweza kumletea mzee deni uzeeni. Nikichagua laini, nitamfanya mtu anayejulikana Lamu nzima kwa ukweli wake aonekane mjanja, kwa lugha asiyoweza hata kuikagua. Yule mama amekwisha kuuliza mara ya pili kama tuliipata barua yake. Nifanyeje?

Mwandishi wa nyumbani, Lamu

*

Waaleikum salaam binti yangu,

Umeniuliza vitenzi, nami nitavijibu kwa urefu kwa sababu vinastahili. Lakini ndani ya barua yako naona umeuliza na jambo la pili, zito kuliko la kwanza: una haki gani ya kumchagulia maneno mtu aliyekulea, ilhali hatayaona? Swali hilo ndilo linalokunyima usingizi, na mtu asiyejali asingeliuliza. Kwa hiyo anza kwa kujua kwamba ami yako yuko katika mikono mizuri.

Turudi kwenye lile "nakubali". Umelichukua kama neno pana ambalo mzee amelitupa akaenda kuswali, ukabaki wewe na kamusi kulipasua vipande. Nakuomba uliangalie upya. Kiswahili cha nyumbani kwenu hakikupungukiwa. Tuna kukiri, tuna kuungama, tuna kuridhia, kuafiki, kutambua, kuthibitisha. Ami yako anayajua yote hayo kuliko mimi na wewe. Kwa nini basi usimrudie kwa lugha yake kabla hujaenda kwenye lugha ya mgeni? Muulize: "Ami, wakiri kuwa kosa ni letu? Au wathibitisha tu kuwa lilitokea kama alivyosema? Au waridhia kumlipa?" Hayo ni mambo matatu, na yote matatu yanaweza kukaa ndani ya "nakubali" moja. Ukishapata jibu lake, kazi ya Kiingereza itakuwa nyepesi kwa nusu, na muhimu zaidi, aliyechagua atakuwa yeye.

Sasa vitenzi vyenyewe.

"Admit" hubeba ndani yake kusita. Mwingereza akisoma kwamba mtu "admits" jambo, husikia kwamba mtu huyo angependelea lisijulikane, na kwamba linamwelemea yeye mwenyewe. Ndiyo maana waandishi wa habari makini hukwepa kusema waziri "admitted" pale ambapo alisema tu. Kitenzi hicho humhukumu kabla ya msomaji kufikiri. Mwalimu wako hakukosea kuhusu matumizi yake, lakini amechukua kwamba kosa limekwisha kuthibitika. Je, limethibitika? Kamera ilianguka kati ya watu wawili, mmoja akitoa na mmoja akipokea. Ami hakusita hata kidogo, alijibu pale pale. "Admit" inaweza kumpa sura ya mtu aliyebanwa akasema, na mtu huyo siye uliyenielezea.

"Accept" ni kupokea. Ukiandika "I accept that the camera fell from my boat", umesema: hili silibishi. Ni kauli ya mtu mzima, wazi, haina kusita. Lakini angalia kinachofuata baada yake. "Accept that" ni kutobisha habari. "Accept responsibility" ni kuupokea mzigo wenyewe, na "accept liability" ni lugha ya mawakili yenye maana ya kulipa. Kitenzi ni kile kile, mkia ndio unaobadilika, na hatari yote iko mkiani. Yule mama ameuliza kama ami anakubali kwamba lilitokea. Hakuuliza kama atalipa. Usijibu zaidi ya ulichoulizwa kwa sababu tu kitenzi kimekuvuta.

"Agree" ningekuwa mwangalifu nacho zaidi ya vyote, ingawa ndicho kinachoonekana kipole. "Agree that" ni kuwa na maoni mamoja na mwenzako. "Agree to" ni ahadi. "I agree to replace the camera" ni deni lililotiwa sahihi. Wanafunzi wetu wengi hukimbilia "agree" kwa sababu ndicho walichofundishwa kwanza kama tafsiri ya kukubali, na sijui kama huambiwa kwamba "to" ile ndogo ina uzito wa mkataba.

"Acknowledge" ni kujua jambo na kusema hadharani kwamba unalijua. Halisemi kosa ni la nani. Ofisi hukitumia hata kukiri kwamba barua imefika. Lina ubaridi kidogo, ni neno la tai na koti, na mama aliyekula wali wa nazi mashuani mwa ami huenda akashangaa kulikuta. Na "confirm", ambalo simu yako haikukupa, ni la mtu aliyekuwepo anayesema: aliyoyaeleza mwenzangu ndivyo yalivyokuwa. Kwa maelezo ya bima, mara nyingi hicho ndicho kinachotakiwa. "Confess" kiache kabisa, hicho ni cha dhambi na jinai.

Usidhani kwamba kujali tofauti hizi ni ulimbukeni wa mtu wa shule. Serikali huajiri watu wenye akili kali kwa kazi hiyo hiyo. Tarehe 6 Juni 2013 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni kwao kuzungumzia mateso ya Wakenya wakati wa Mau Mau. Serikali yake ilikuwa imefikia mapatano ya pauni milioni 19.9 na wadai 5,228. Vitenzi vyake vilipimwa kimoja kimoja. Alisema serikali "recognises" kwamba Wakenya waliteswa. Alisema "sincerely regrets" kwamba yalitokea. Na katika hotuba hiyo hiyo akasema wanaendelea "to deny liability". Kutambua, kusikitika na kukana, vyote kinywani mwa mtu mmoja siku moja. Miaka kumi baadaye Mfalme Charles alikuja Nairobi, na tarehe 31 Oktoba 2023 akazungumza kwenye dhifa ya taifa juu ya majonzi na majuto yake. Watetezi wa haki za binadamu nchini walikuwa wamemtaka aombe radhi waziwazi, yaani "apologise". Kitenzi hicho hakikuja.

Nakuletea mfano huu kwa sababu unakata pande mbili. Binamu yako angeusoma akasema: unaona, hata wao hutenganisha kusema lililotokea na kulipokea deni lake, kwa nini sisi tusifanye hivyo? Na atakuwa amesema kweli. Kutenganisha si uongo. Lakini sikiliza na upande wa pili. Wazee waliosubiri miaka mingi walijua kabisa ni kitenzi gani walichonyimwa. Neno laini lililochaguliwa kwa hesabu husikika kuwa limechaguliwa kwa hesabu. Yule mama anamjua ami. Akipokea barua iliyopimwa kama ya wizara, huenda asikasirike, lakini atajua kwamba aliyeandika alikuwa anajikinga naye. Hasara hiyo bima hailipi, na kwa nahodha anayeishi kwa wageni wanaorudi, si hasara ndogo.

Hofu ya binamu yako nayo nisiipuuze, maana ina msingi. Kampuni ya bima ikishamlipa mteja wake kwa kawaida huwa na haki ya kusimama mahali pake na kumdai aliyesababisha hasara. Kwa kamera moja, kutoka Uingereza hadi Lamu, gharama ya kufuatilia inaweza kuzidi kamera yenyewe, lakini siwezi kukuahidi kwamba hawatafuatilia. Lililo muhimu zaidi ni hili, na sijui kama mmelifikiria: je, mashua ya ami ina bima yake ya kufidia abiria? Kama inayo, soma masharti kabla hujaandika hata sentensi moja. Bima za namna hiyo kwa kawaida humkataza mwenye chombo kukiri kosa, kuahidi malipo au kulipa bila idhini yao, na akivunja sharti hilo wanaweza kukataa kumsimamia. Hapo tofauti kati ya "confirm" na "admit" haitakuwa ya ladha tena, itakuwa ya shilingi. Na kama deni likionekana kuwa kubwa kweli, wakili aione rasimu kabla ya sahihi.

Kuhusu pole, tulia. Ami amesema pole, hakusema samahani, na Kiingereza hapo ndicho chenye neno pana: "sorry" hubeba yote mawili. "I am sorry that your camera was damaged" iko karibu na pole. "I apologise for damaging it" ni kuomba radhi kwa ulilotenda. Wengi huogopa kwamba ukiomba radhi umekwisha kujifunga, na kule Uingereza na Wales hofu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba sheria yao ya fidia ya mwaka 2006, kifungu cha 2, ilitamka kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Sisemi sheria hiyo itawahukumu ninyi hapa. Nasema tu kwamba hata mbele ya watu wa huko, utu hauhesabiwi kuwa hatia. Mpe mama pole yake, na uipe sentensi nzima, isiwe mkia wa barua.

Sasa "nilimwambia". Hapa nitakuwa mkali kidogo kuliko kwengine. "Tell" akifuatwa na kitendo ni kuagiza. "Ask" ni kuomba. "Advise" ni kushauri, na mtu hushauriwa akabaki huru. "Warn" ni kumtajia mtu hatari iliyo mbele yake. Binamu anapotaka "warned", anataka barua iseme kwamba mama aliambiwa kamera itaharibika, naye akapuuza. Je, ndivyo ilivyokuwa? Yule mama alikuwepo, tena ndiye aliyeambiwa, na anakumbuka alichosikia. Kama ami alisema tu "Kamera ndani, mama" huku akionyesha pipa, basi hakuonya, na kitenzi hicho kikiingia kitaiharibu hata ile sehemu ya barua iliyo kweli tupu. Kwa bahati nzuri Kiingereza kina kitenzi kisichopendelea mtu, nacho ni "say". Mwulize ami alitamka maneno gani hasa, kwa lugha gani, halafu andika kwamba alisema, na uyaweke maneno yake kama yalivyotoka. Msomaji ataamua mwenyewe kama lilikuwa ombi au onyo.

Kwenye "ilimponyoka" kuna mtu ambaye hukumtaja ila kwa kupita, naye ni yule kijana. "He dropped the camera" inamfanya yeye kuwa mtenda. "The camera slipped from his hands" inakaribia zaidi kuponyoka, inamwacha aliyekuwa ameshika bila kumfanya aliyeangusha. "The camera fell" inamwondoa kabisa, na pamoja naye inaiondoa na mikono ya mama. Kila moja ni kweli kwa kiasi chake. Lakini barua hii itakaa kwenye faili ya watu, na kijana huyo kesho anaweza kutafuta kazi kwenye chombo kingine. Je, kuna aliyemwuliza? Huenda akasema mama alikuwa ameishika tayari. Huenda akasema yeye ndiye aliyeachia mapema. Ukimsikiliza kwanza, kitenzi kitajileta, na utakuwa umemtendea haki mtu mdogo ambaye kwa kawaida husahaulika pale wakubwa wanapoandikiana.

Njia ziko kadhaa mbele yako, na sioni hata moja isiyo na gharama.

Unaweza kuacha kabisa kitenzi cha kukubali na kueleza mambo yalivyofuatana: walifika, alishuka, kijana alimpa, iliteleza, ilitolewa, haikuwaka. Maelezo kama hayo huwa na nguvu kwa sababu hayabishani na mtu. Gharama yake ni kwamba mama ameuliza swali la ndiyo au hapana, na barua isiyolijibu inaweza kurudishwa na bima, au ikaonekana kukwepa.

Unaweza kutumia "confirm" kwa yaliyotokea, kisha "accept that" kwa lile la kwamba lilikuwa chomboni mwake kwa mkono wa mtu wake. Huko ni kumjibu mama sawasawa. Lakini ami akikwambia, "Hapana, mimi nasema kosa ni letu," basi hata "accept" itakuwa imempunguza, na itakubidi uamue kama unaweza kuishi na kumlinda dhidi ya kauli yake mwenyewe.

Na iko njia ambayo mimi naipenda, ingawa ina uzito wake. Andika maelezo kwa Kiswahili, kama ami atakavyoyatamka, ayasikie yakisomwa, atie sahihi hapo. Chini yake weka tafsiri ya Kiingereza, ukitaja kwamba mfasiri ni wewe. Mahakama zetu zinalijua jambo hili. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mshtakiwa aelezwe shitaka kwa lugha anayoielewa, na akilikubali, maneno yake yaandikwe kwa ukaribu iwezekanavyo kama alivyoyasema. Ami yako si mshtakiwa, Mungu apishe mbali, lakini sababu ni ile ile: kauli ya mtu isipotee njiani inapovuka lugha. Kwa njia hii sahihi yake inakaa juu ya neno alilolisema, na kitenzi cha Kiingereza kinabaki kuwa kazi yako ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Ubaya wake ni kwamba bima inaweza kudai tafsiri iliyothibitishwa, na hiyo ni pesa na muda. Na "nakubali" ya Kiswahili ikifika mikononi mwa mfasiri wao, yeye naye atachagua kitenzi, na huenda asichague kwa mapenzi kama wewe.

Binamu yako usimfanye adui. Anamlinda babake kwa namna anayoijua. Mwiteni akae wakati unamsomea ami, asikie mwenyewe mzee akijibu lile swali la kukiri, kuthibitisha au kuridhia. Mara nyingi watoto hugombana juu ya maneno ya mzazi kwa sababu hakuna aliyekaa kumsikiliza hadi mwisho. Na kama ami atakasirika kwa kuulizwa mara ya pili, mweleze kwamba kule inakokwenda barua, "nakubali" yake ina milango minne, nawe huwezi kumsukuma kwenye mmojawapo bila idhini yake.

Lakini yule mama asisubiri yote hayo. Mwandikie leo mistari miwili: barua yako imefika, ami anakupa pole, maelezo kamili yanaandaliwa. Mwulize pia bima inataka nini hasa, kuthibitishwa kwa tukio tu au tamko la nani alaumiwe, kwa sababu huenda unahangaika na kitenzi ambacho hakuna aliyekiomba. Kwa ujumbe huo wa kumjulisha kwamba barua yake imefika, "acknowledge" haina madhara yoyote.

Ukipata jibu lake, na ukipata la ami, niandikie tena kama bado kuna sentensi inayokukwaza. Nitaisoma pamoja nawe.

Wako,
Mshauri